Vidhibiti vya Mwendo: Watengenezaji wa Gemu Walikuwa na Haki ya Kusita, Lakini Si kwa Muda Wote Huu

Gemu ya The Legend of Zelda: Twilight Princess ilianza kutengenezwa kwa ajili ya konsoli ya GameCube, na shujaa wake, Link, alishika upanga kwa mkono wa kushoto kama ilivyokuwa desturi yake tangu zamani. Nintendo ilipoamua kuitoa gemu hiyo pia kwa ajili ya Wii, konsoli yake mpya iliyoingia sokoni Novemba 2006, kasoro moja ilijitokeza: mchezaji wa Wii angepunga kidhibiti kwa mkono wa kulia, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono huo, ilhali shujaa kwenye skrini angepunga upanga kwa kushoto. Suluhisho halikuwa kumbadilisha Link peke yake. Dunia nzima ya gemu iligeuzwa kama sura inavyogeuka kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi, na kila njia iliyokata kona kulia katika toleo la GameCube ikakata kushoto katika toleo la Wii.

Mfano huo unaonyesha kwamba udhibiti wa mwendo haubandikwi juu ya gemu iliyokwisha kukamilika. Unagusa namna wahusika wanavyosimama, kasi ya maadui, mahali kamera inapotazama, hata ramani yenyewe. Ndiyo maana kila mara kampuni ya konsoli ilipotokea na kifaa kipya cha kupunga, kuinamisha au kuchezesha mwili mzima, watengenezaji wengi wa gemu walikipokea kwa uangalifu, wakatoa gemu chache za majaribio, kisha wakarudi kwenye pedi, yaani kidhibiti cha kawaida chenye vitufe na vijiti vya kusukumwa kwa kidole gumba. Wachezaji wengi waliona huo kuwa ni woga, na wengine wakauita ukosefu wa ubunifu. Mimi naona kusita huko kulikuwa na msingi thabiti pale mwendo ulipotakiwa kuchukua nafasi ya pedi. Kulipohamishiwa mahali ambapo mwendo ulitakiwa kuisaidia pedi tu, msingi huo haukuwepo tena, na kilichobaki ni mazoea.

Tuanze na kitufe. Kitufe kina hali mbili tu, ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, na gemu haina haja ya kubahatisha. Gemu inayochora fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde hupata nafasi ya kukisoma takriban kila milisekunde 17, na ikikuta kimebonyezwa inaweza kumrusha mhusika hewani katika fremu inayofuata. Kijiti cha pedi kina mambo zaidi kidogo, lakini nacho kina mipaka inayojulikana: kikisukumwa hadi ukingoni kimefika, kikiachwa hurudi katikati chenyewe. Mkono wa binadamu hauna katikati wala ukingo. Anayetaka kupiga kwa upanga kwanza huurudisha mkono nyuma, na programu inayosoma mwendo huo haina budi kuamua kama kule kurudi nyuma ni pigo lenyewe, ni maandalizi ya pigo, au ni mtu anayejikuna bega. Ikiamua mapema, itakosea mara nyingi. Ikisubiri mpaka mwendo ukamilike ndipo iwe na hakika, mchezaji atahisi kwamba gemu inamfuata nyuma kwa hatua moja. Kila timu iliyojaribu kutambua ishara za mkono ililazimika kuchagua ni ipi kati ya kero hizo mbili ambayo mchezaji angeivumilia zaidi, na ni timu chache zilizochagua bila kujuta.

Kidhibiti cha kwanza cha Wii kiliuzidisha ugumu huo. Ndani yake mlikuwa na kihisi cha mchapuko, yaani kinachopima jinsi kasi inavyobadilika, pamoja na kamera ndogo ya infraredi upande wa mbele. Ule upau unaowekwa juu au chini ya runinga, ambao wengi walidhani ndio unaohisi, ulikuwa na taa tu. Kamera ya kidhibiti ndiyo iliyozitazama taa hizo na kukokotoa mahali mkono unapoelekea. Sasa, kihisi cha mchapuko peke yake hakiwezi kutofautisha vizuri uvutano wa dunia na msukumo wa mkono unaokwenda kasi, na anayejaribu kupata mahali kidhibiti kilipo kwa kujumlisha vipimo vyake hugundua kwamba kosa dogo la mwanzo linakua kila sekunde, mpaka upanga wa kwenye skrini unakuwa umehamia mahali pasipohusiana kabisa na mkono. Red Steel ya Ubisoft, mojawapo ya gemu zilizotoka pamoja na Wii, iliwavutia watu kwa mapigano ya panga, lakini ilichoweza kutambua kilikuwa mielekeo michache tu ya pigo. Mwaka 2009 ndipo Nintendo ilipoleta kifaa cha nyongeza, Wii MotionPlus, chenye jairoskopu inayopima mzunguko, na Red Steel 2 ya mwaka 2010 ikakidai kifaa hicho kwa lazima. Tofauti kati ya gemu hizo mbili ni kubwa. Lakini tazama tarehe: kwa zaidi ya miaka miwili, mtengenezaji aliyehimizwa ampe mchezaji upanga wa kweli alikuwa akiombwa kitu ambacho kifaa chenyewe hakikuweza kukipima.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wii haikuongeza mwendo juu ya pedi. Iliipunguza pedi kwanza. Tangu DualShock ya mwaka 1997, pedi ya PlayStation ilikuwa na vijiti viwili, vitufe vinne chini ya kidole gumba cha kulia, na vingine vinne mabegani. Kidhibiti cha Wii pamoja na Nunchuk, kipande chake cha mkono wa pili, kilikuwa na kijiti kimoja, na vitufe ambavyo mkono uliweza kuvifikia bila kubadili mshiko vilikuwa vichache. Mtengenezaji aliyetaka kuhamishia gemu yake huko alijikuta na vitendo vingi kuliko vitufe, na njia ya mkato ilikuwa kuchukua kitendo kimoja, kwa mfano kubiringika au kupiga ngumi, na kukipachika kwenye kutikisa. Hapo ndipo ilipozaliwa ile tikisa-tikisa iliyowachosha wachezaji, mwendo usiofanana na kitendo chochote, uliokuwa ukifanya kazi ya kitufe lakini kwa kuchelewa na kwa makosa. Hata Nintendo yenyewe haikusalimika. Katika Donkey Kong Country Returns ya mwaka 2010, mchezaji aliyetaka kubiringika alitakiwa kutikisa kidhibiti, katika gemu ambayo kuchelewa kidogo tu ukingoni ni kuanguka shimoni. Toleo la konsoli ya mkononi ya 3DS la mwaka 2013 lilikirudisha kitendo hicho kwenye kitufe, na sidhani kama kuna aliyeililia tikisa-tikisa.

Waliofanikiwa katika enzi hiyo walikuwa na jicho la kuona tofauti kati ya kuelekeza na kuashiria. Kuelekeza ni kusogeza alama kwenye skrini kwa mkono. Programu haihitaji kukisia nia, kwa kuwa inasoma tu mkono uko wapi, na mchezaji anaona kosa lake na kulirekebisha papo hapo. Kuashiria ni kufanya kitendo ambacho programu lazima ikitambue na kukipa jina. Toleo la Wii la Resident Evil 4, lililotoka mwaka 2007, lilitumia kuelekeza kwa ajili ya kulenga, na wapo hadi leo wanaolishikilia kuwa ndilo toleo bora la gemu hiyo. Metroid Prime 3: Corruption ya mwaka huo huo ilifuata njia hiyo hiyo. No More Heroes, nayo ya 2007, ilikuwa na mpango wenye akili wa namna nyingine: mapigo ya kawaida, yale yanayorudiwa mara elfu, yaliwekwa kwenye kitufe, na mwendo ukaachiwa pigo la mwisho, pale gemu inapopunguza kasi, inapoonyesha mshale, na haina haraka ya kujua mchezaji anataka nini. Super Mario Galaxy, kwa sehemu kubwa, ilitosheka na mtikiso mmoja na alama ya kukusanya vipande vya nyota. Gemu hizi zote ziliutumia mwendo kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho watengenezaji waangalifu walichokuwa wakikitafuta.

Mwili nao una hoja zake. Wii Sports, iliyouzwa ndani ya boksi moja na konsoli karibu kila mahali isipokuwa Japani na Korea Kusini, iliwafanya watu wasimame na kupunga mikono kana kwamba wako uwanjani, na ndiyo iliyoisukuma Wii kufikia mauzo ya zaidi ya milioni 100. Haikuchukua muda kabla ya wachezaji kugundua kwamba tenisi ile inachezeka vizuri, pengine vizuri zaidi, kwa kuketi kitini na kupindisha kifundo cha mkono kidogo. Binadamu hupunguza jasho pale panapowezekana, na gemu ya saa 30 haiwezi kutegemea mchezaji aendelee kujituma kama alivyojituma katika dakika kumi za kwanza. Lipo pia suala la ukinzani. Upanga wa kwenye skrini unapogonga ngao, unasimama. Mkono wa mchezaji haugongi kitu, unaendelea na safari yake, na kuanzia hapo mkono na upanga viko mahali pawili tofauti. Mtetemo wa kidhibiti hauzuii mkono. Msanifu anaweza kuficha pengo hilo kwa kumfanya adui arudi nyuma, au kwa kuukatiza mchezo kidogo mpaka mkono urejee, lakini kila ujanja wa namna hiyo unadai muda wa kazi ambao katika gemu ya pedi ungetumika kwenye mambo mengine.

Sony iliingia kwa mlango wa pembeni. Pedi ya kwanza ya PlayStation 3, Sixaxis, iliyotoka pia Novemba 2006, ilikuwa pedi kamili iliyoongezewa vihisi vya mwendo, ingawa ilipoteza mtetemo hadi ujio wa DualShock 3. Kwa mtazamo wangu huo ndio ulikuwa mpango sahihi kimsingi, na ajabu ni kwamba uliharibiwa na namna ulivyotumiwa. Gemu ya Lair ya Factor 5, mwaka 2007, ilimlazimisha mchezaji kurusha joka kwa kuinamisha pedi, bila njia nyingine yoyote; ilipokewa vibaya mno, na mwaka uliofuata ikabidi itolewe programu ya marekebisho iliyoruhusu vijiti. Uncharted: Drake's Fortune ilimtaka mchezaji ainamishe pedi ili kupima umbali wa bomu la mkono na ili kumsawazisha shujaa juu ya gogo, mambo ambayo hayakuipa gemu chochote kisichoweza kufanywa na kijiti. Mtu asiyekuwa na haraka alisubiri hadi mwaka 2009, thatgamecompany ilipotoa Flower, ambapo mchezaji ni upepo na kuinamisha pedi ndiko kunakouelekeza. Flower haina adui anayevizia kosa la robo sekunde, na upepo unaopinda taratibu unapatana na mkono unaopinda taratibu. Gemu ilibuniwa kutokana na kile ambacho kihisi kinakipima vyema. Lair ilichukua gemu ya mapigano iliyokwisha kufikiriwa kwa namna nyingine, ikaivisha kihisi.

Kinect ndiyo iliyoifikisha hoja kwenye ukomo wake. Microsoft iliitangaza Juni 2009 kwa jina la Project Natal na kuiuza kuanzia Novemba 2010 kwa ajili ya konsoli yake ya Xbox 360, kamera inayopima umbali wa kila kiungo cha mwili, ili mchezaji asishike chochote. Katika siku 60 za mwanzo ziliuzwa Kinect milioni 8, jambo lililoiingiza katika rekodi za Guinness. Wasanifu waliokaa nayo, hata hivyo, walikutana na maswali ambayo pedi ilikuwa imeyajibu zamani. Mchezaji atatembeaje mbele ilhali amesimama mbele ya runinga? Atachaguaje kitu kwenye menyu bila kitufe cha kuthibitisha? Jibu la swali la pili lilikuwa kumfanya aushikilie mkono juu ya alama mpaka duara lijae, na jibu la swali la kwanza mara nyingi lilikuwa kumwondolea uhuru wa kutembea. Ndiyo maana Fable: The Journey ya mwaka 2012 ilimketisha mchezaji kwenye gari la farasi linalofuata njia, ilhali gemu zilizoitangulia katika mfululizo huo zilikuwa za kuzurura. Chumba chenyewe kiligeuka sehemu ya gemu: umbali wa karibu meta 2 kutoka kwenye kamera, mwanga, kochi, urefu wa mtoto, mtu anayepita nyuma. Timu ya majaribio inayokagua pedi inakagua pedi. Timu iliyokagua Kinect ilikuwa inakagua nyumba za watu.

Sijui mfano unaoeleza zaidi kuliko Steel Battalion. Gemu ya kwanza ya jina hilo, ya mwaka 2002, iliuzwa pamoja na kidhibiti kikubwa chenye takriban vitufe 40, vijiti viwili na pedali tatu, kifaa cha gharama kilichotengenezwa ili mchezaji ajihisi ndani ya mtambo wa vita. Steel Battalion: Heavy Armor, iliyotengenezwa na FromSoftware na kuchapishwa na Capcom mwaka 2012, iligawa kazi: pedi iliendesha na kufyatua, Kinect ikasoma mikono inayovuta vishikio na kufunga dirisha la chuma. Wazo lile lile, hamu ile ile ya kugusa mitambo. Lakini Kinect ilikosea kusoma mikono mara kwa mara, na kukosea huko kulitokea risasi zikiwa zinanyesha. Wahakiki waliibomoa. Gemu iliyokuwa na vitufe vingi kupita kiasi inakumbukwa kwa mapenzi, na ile iliyoviondoa inatajwa kama onyo, na sidhani kama hilo ni suala la kumbukumbu tamu za ujana peke yake: kitufe cha 37 kilikuwa kigumu kukikariri, lakini ukikibonyeza kilitii.

Pamoja na hayo, Kinect ilipata gemu zake. Dance Central ya Harmonix ilikuwa nzuri kweli, kwa sababu katika dansi mwili ndio unaofanya kazi, mchezaji anajua mapema ni mwendo gani utakaofuata, na programu nayo inaujua. Haihitaji kukisia nia, inalinganisha tu. Tatizo ni kwamba dansi ni dansi, na soko haliwezi kuishi kwa aina moja ya gemu.

Baada ya hapo kuna hesabu, na hapa sioni haja ya kurefusha. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Microsoft ilikuwa imeuza Xbox 360 zipatazo milioni 76 na Kinect milioni 24, maana yake ni kwamba aliyetengeneza gemu ya Kinect pekee alikuwa ameaga theluthi mbili ya wateja kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu, na gemu yake isingeweza kuhamia PlayStation wala kompyuta. Microsoft ilijaribu kuliondoa tatizo hilo kwa kuifanya Kinect kuwa sehemu ya lazima ya Xbox One mwaka 2013, kwa dola 499 dhidi ya dola 399 za PlayStation 4. Juni 2014 iliuza konsoli isiyo na Kinect kwa dola 399, na wakati huo huo ikawaambia watengenezaji kwamba wakiachana na Kinect wangerudishiwa hadi asilimia 10 ya uwezo wa uchoraji uliokuwa umetengwa kwa ajili yake. Baada ya tangazo hilo, nani angebaki? Utengenezaji wa Kinect ulikoma mwaka 2017. Aliyesita mwaka 2010 alikuwa amesoma mambo vizuri.

Wapo watakaosema kwamba kila kifaa kipya hupitia hayo, na kwamba vijiti vya pedi navyo viliwahi kutiliwa shaka. Ni kweli kwa sehemu. DualShock ilikuwa sokoni kwa takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya Ape Escape ya mwaka 1999 kuwa gemu ya kwanza kuidai kwa lazima. Lakini vijiti viliongezwa kwenye pedi ambayo vitufe vyake vyote vilibaki mahali pake, kwa hiyo mtengenezaji aliyesita hakupoteza chochote, na aliyejaribu hakumfukuza mteja yeyote aliyekwisha kununua pedi mpya. Tazama pia uhalisia pepe, ambamo mchezaji huvaa miwani inayomwonyesha dunia ya gemu pande zote. Miwani ya Oculus Rift ilipotoka Machi 2016 ilikuja na pedi ya Xbox One ndani ya boksi, na vidhibiti vyake vya mikono, Touch, vikafuata Desemba. Watengenezaji wale wale walioshutumiwa kwa woga walihamia kwenye vidhibiti vya mikono haraka sana, na Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 haichezeki kwa pedi kabisa. Sababu ni kwamba humo ndani mkono unapimwa mahali ulipo katika pande zote, mchezaji anauona mkono wake kwenye kitendo, na chombo hicho kinamfikia kila mwenye kifaa. Masharti yalipotimia, tahadhari iliondoka. Hilo linatosha kunishawishi kwamba haikuwa chuki dhidi ya mwendo.

Ila tahadhari hiyo ina upande wake usiotetewa kirahisi. The Legend of Zelda: Skyward Sword, ya mwaka 2011, ilidai MotionPlus na ikajengwa juu ya maadui wanaokinga upande mmoja na kuacha mwingine wazi. Ilipotolewa upya kwa ajili ya Switch, konsoli ya Nintendo ya baadaye, mwaka 2021, iliongezewa njia ya kucheza bila mwendo, na njia hiyo inafichua jambo: mapigo ya upanga yalihamishiwa kwenye kijiti cha kulia, na kwa kuwa kijiti hicho ndicho kwa kawaida kinachozungusha kamera, mchezaji akalazimika kushikilia kitufe cha begani kila anapotaka kutazama pembeni. Mwendo ulikuwa ukibeba habari ambayo pedi haina nafasi nyingine ya kuibeba. Watu wanaosema kwamba udhibiti wa mwendo haukuwa na lolote wangejaribu kuicheza gemu hiyo kwa njia zote mbili.

Hapo ndipo jairoskopu ndani ya pedi inapoingia. Splatoon, gemu ya kurushiana wino iliyotoka kwa ajili ya konsoli ya Wii U mwaka 2015, inamwacha mchezaji azungushe kamera kwa kijiti kwa mizunguko mikubwa, na kurekebisha shabaha kwa kuinamisha kidhibiti kidogo tu, mwendo wa nyuzi chache za kifundo cha mkono. Hakuna ishara ya kutambuliwa, hakuna jasho, hakuna kitufe kilichoondolewa, na kosa linaonekana na kurekebishwa papo hapo, kama ilivyokuwa kwa kuelekeza kwenye Wii. Kidole gumba juu ya kijiti huamuru kasi ya kugeuka, na kulenga kwa kuamuru kasi ni kazi ngumu. Kifundo cha mkono huamuru kiasi cha kugeuka chenyewe, jambo ambalo mwili unalifahamu tangu utotoni. Ushahidi mzuri unatoka kwenye simu: katika PUBG Mobile, gemu ya kufyatuliana risasi, ambako hakuna vijiti vya kweli vya kushika, jairoskopu imekuwa chombo cha kawaida miongoni mwa wachezaji wa mashindano. Waliokosa pedi ndio waliokuwa wepesi kutambua faida yake.

Mbona basi gemu nyingi za kulenga bado hazina kitu hicho, au zilikichelewesha miaka? DualShock 4, pedi ya PlayStation 4, ilikuwa na jairoskopu tangu 2013, DualSense ya PlayStation 5 inayo tangu 2020, Switch na kompyuta ya mkononi ya Steam Deck zinazo. Pedi ya Xbox haina. Kwa kampuni inayotoa gemu moja kwenye majukwaa yote, kinachokosekana kwenye jukwaa moja kubwa huonekana ni gharama isiyo ya lazima kwenye mengine, na sababu hiyo naielewa hata kama siikubali, kwa kuwa pedi zenye jairoskopu sasa ni nyingi kiasi cha kuitwa soko. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Gemu za kulenga kwa pedi zimezoea msaada wa kulenga, ambapo programu inaivuta shabaha kimyakimya kuelekea kwa adui, na mizani yote kati ya wachezaji wa pedi na wale wa kipanya imepangwa kwa kuuzingatia msaada huo. Mchezaji wa jairoskopu si wa huku wala wa kule: akipewa msaada wote atakuwa na nguvu kupita wenzake, akinyimwa wote atajiona ameonewa. Kupanga mizani ya kundi la tatu ni kazi, lakini ni kazi inayofanyika. Fortnite iliongeza namna kamili ya kulenga kwa jairoskopu mwaka 2022, na Horizon Forbidden West ya mwaka huo nayo ilitoka na chaguo hilo.

Nisisahau wale ambao mwendo, hata mdogo, hauwafai. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka, au asiyeweza kushika pedi hewani, hanufaiki na chochote kati ya haya, na gemu iliyokuwa ikidai kutikisa ilimfungia nje bila kumwambia. Microsoft, baada ya safari yake na Kinect, ilitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, kifaa kinachorudi kwenye vitufe, vikubwa na vya kuunganishwa apendavyo mtumiaji. Kwa hiyo ninapodai jairoskopu ninadai chaguo, lenye mbadala kamili wa kitufe na kijiti, na lenye nafasi ya kurekebisha wepesi wake wa kuitikia mkono.

Lakini chaguo lenyewe linawekwa wapi? Katika gemu nyingi zilizo nalo, limezimwa tangu mwanzo, limefichwa chini ya ukurasa wa mipangilio ambao wachezaji wengi hawaufungui kamwe, na wepesi wake umepangwa chini mno kiasi kwamba anayelijaribu kwa dakika moja hulizima tena. Halafu kampuni hukusanya takwimu za matumizi, ikakuta kwamba ni wachache wanaolitumia, na takwimu hizo zikawa sababu ya kutolijali katika gemu inayofuata. Splatoon ilifanya kinyume: jairoskopu imewashwa tangu somo la kwanza, gemu inamfundisha mchezaji jinsi ya kuitumia kabla hajakutana na mpinzani yeyote, na asiyeitaka anaizima. Studio inayotaka kujua kama wachezaji wake wanaupenda mwendo au hawaupendi ingeweza kuanza kwa kufanya jaribio hilo hilo.